Shifra na Pua hawakusalitiana

Fundisho la shemasi kwa ndugu wanaotunza wagonjwa, na kwa kanisa lote

Masomo: Kutoka 1:15-21, Kutoka 2:11-14, Mathayo 18:15-17

 

Mara nyingi katika kurasa hizi tumefundisha juu ya wagonjwa na namna ya kuwaombea. Leo tunataka kusema juu ya wale wanaowatunza, yaani wauguzi na wazalishaji, mama zetu na kaka zetu wa bluzi nyeupe. Wengi wao tunasali nao. Siku ya ibada wanavaa nguo nyeupe ya maombi, na kesho yake wanavaa nguo nyeupe ya kazi. Lakini tumesikia vilio. Muuguzi anakuja kuomba kanisani, na ukimuuliza anaomba nini, hasemi habari ya mshahara wala ya ugonjwa. Anasema: “Niombeeni, wenzangu kazini wananitesa.”

Ndugu, hatutaji hospitali yoyote wala mtu yeyote. Fundisho hili si shitaka. Lakini yule ambaye Neno litamgusa, asitazame jirani yake.

WAZALISHAJI WAWILI MBELE YA FARAO

Tufungue Kutoka sura ya kwanza. Farao aliwaita wazalishaji wawili wa Waebrania. Mmoja jina lake Shifra, wa pili Pua. Akawapa amri ya kutisha: mtoto wa kiume akizaliwa, auawe, wa kike aachwe. Wanawake wale walimwogopa Mungu kuliko mfalme, wakawaacha watoto wote waishi. Farao akawaita tena, akawahoji. Wakajibu kwa neno moja. Mungu akawatendea mema, akawapa nyumba na jamaa.

Tazameni jambo ambalo ni rahisi kulipita. Walikuwa wawili. Farao hakuhitaji kuwashinda wote wawili. Angempata mmoja tu, ingetosha. Kama Shifra angekuwa na wivu na Pua, angekwenda usiku kwa mfalme na kusema: “Mimi natii, lakini yule mwenzangu anaficha watoto.” Angepata zawadi. Labda angepata cheo. Na Pua angekufa, na watoto wangekufa pamoja naye. Maisha ya watoto wa Israeli yalishikwa na kitu kidogo sana: wazalishaji wawili ambao hawakusalitiana.

Tena Maandiko hayatuambii nani kati yao alikuwa mkubwa na nani mdogo, nani alisoma zaidi, nani alitoka kabila kubwa. Yanatuambia majina yao tu, na kwamba walimcha Mungu.

WAEBRANIA WAWILI WALIOPIGANA

Sasa tugeuze ukurasa mmoja. Katika sura ya pili Musa amekua. Anatoka kwenda kuwaona ndugu zake, naye anakuta Waebrania wawili wanapigana. Anamwuliza yule mwenye kosa sababu ya kumpiga mwenzake. Naye, badala ya kujibu, anamrudishia Musa swali kwa ukali: ni nani aliyemweka kuwa mkubwa na mwamuzi juu yao?

Fikirini watu wale wawili. Wote ni watumwa. Wote wanafinyanga matofali yale yale. Migongo yao ina alama za fimbo ya msimamizi mmoja. Lakini asubuhi ile, yule mwenye nguvu kidogo hakumpiga Mmisri. Alimpiga mtumwa mwenzake, kwa sababu mtumwa mwenzake alikuwa karibu naye na hakuwa na mtetezi.

Wapendwa, hapo ndipo tunapoona kazi ya wauguzi wetu. Maisha ya muuguzi katika nchi hii ni magumu. Kuna wanaofanya kazi miaka mingi bila kupata namba ya matrikili. Kuna wenye matrikili wanaopata primu tu, bila mshahara wa Leta. Kuna wanaoishi kwa sehemu ndogo ya pesa wanayolipa wagonjwa, na mwezi ambao wagonjwa hawana pesa, muuguzi naye hana. Kipindupindu kikiingia Baraka, ni yeye anayekesha nacho. Vita vikianza milimani, majeruhi wanaletwa kwake. Mgongo wake una alama. Tunajua.

Lakini swali la Kutoka linabaki: fimbo uliyopigwa na Farao, kwa nini umrudishie Mwebrania mwenzako?

NAMNA UONEVU UNAVYOONEKANA

Wengine watasema: “Shemasi, sisi hatupigani kazini. Hakuna aliyempiga mwenzake ngumi.” Ni kweli. Uonevu wa mahali pa kazi mara nyingi hauna ngumi. Tuutaje kwa majina yake, ili asiwepo atakayesema hakujua.

Kwanza, kuna uonevu wa zamu. Gardi za usiku, za sikukuu na za siku ya Mungu anapewa mtu mmoja kila mwezi, na anayepanga anajua kwamba mtu huyo hana wa kumlalamikia.

Pili, kuna uonevu wa shule. Tunajua madaraja: A1 aliyetoka ISTM, A2 aliyetoka ITM, na A3 wa zamani. Kijana A1 anafika na diploma yake, anamwambia mama A2 aliyezalisha nusu ya kartie: “Wewe ulisomea nini?” Au kinyume chake, wazee wa kazi wanamwona stajeri mgeni, wanamficha vifaa, wanamcheka mbele ya wagonjwa, wanamwita jina la dharau mpaka anasahau jina lake la ubatizo.

Tatu, kuna uonevu wa kunyamaza. Mtu anaingia zamu, anasalimu, hakuna anayejibu. Anaomba raporo ya usiku, anaambiwa asome mwenyewe katika daftari. Hakuna tusi lililotoka, lakini moyo wake umekatwa.

Nne, kuna uonevu wa pesa. Primu imefika, inagawanywa mlangoni, na mmoja anaambiwa kwamba jina lake halikuonekana kwenye liste.

Tano, kuna uonevu wa asili. “Wewe ni mtu wa kuja.” “Rudi kwenu.” Wilaya yetu ina Babembe, ina Babuyu na Babwari, ina Bafuliro na Banyamulenge, na tangu mwaka 2015 ina wakimbizi wa Burundi huko Lusenda. Mgonjwa aliyelala kitandani hachagui damu ya kabila gani imwokoe. Muuguzi naye asichague ni kabila gani la mwenzake litasalimiwa.

Sita, nalo ndilo baya kuliko yote, kuna uonevu wa kumwita mwenzako mchawi. Mama mmoja amekaa kazini miaka mingi. Katika gardi zake wamekufa wagonjwa watatu, kwa kuwa waliletwa wakiwa wamechelewa. Basi neno linaanza kutembea: “Yule mama, zamu yake ina kifo.” Ndugu zetu, katika Kivu yetu watu wamechomwa moto kwa neno kama hilo. Mnajua. Anayelitoa kinywani mwake kazini, hata kwa kucheka, ameshika kiberiti.

Tuseme pia kile ambacho SI uonevu, ili mtu asijifiche nyuma ya fundisho hili. Mkubwa wa kazi akikuambia umechelewa, na kweli umechelewa, hakukuonea. Akikukemea kwa sababu ulitaka kutoa dozi ya mtu mzima kwa mtoto, amekuokoa wewe na mtoto. Kurekebisha kunataka kazi iwe nzuri, na kunasemwa kwa heshima, tena kwa faragha kama nafasi ipo. Uonevu unataka mtu awe mdogo. Ukitaka kujua tofauti, uliza hivi: baada ya maneno haya, mwenzangu atafanya kazi vizuri zaidi, au atafanya kazi kwa hofu zaidi?

HOFU INAUA MGONJWA

Kuna ndugu wanaofikiri kwamba haya ni mambo ya wauguzi wao kwa wao. Hapana. Yanafika kitandani.

Tuchukue mfano. Usiku wa manane mtoto ameletwa na malaria kali, damu imekwisha mwilini. Muuguzi kijana yuko peke yake katika chumba. Anatazama chupa ya dawa, hana hakika ya kipimo. Mkubwa wake amelala chumba cha pili. Lakini wiki iliyopita aliuliza swali, akaitwa mjinga mbele ya mama za wagonjwa wote. Je, usiku huu atakwenda kugonga mlango? Wengi hawatakwenda. Watakisia. Na mtoto wa mtu ndiye atakayelipa swali ambalo halikuulizwa.

Tazameni tena raporo ya asubuhi. Anayetoka hasemi na anayeingia, kwa sababu wamenuniana. Kumbe mgonjwa wa kitanda cha nne alikwisha kuchomwa sindano saa kumi na moja, na anayeingia anamchoma tena. Au mama wa kitanda cha pili alianza kutoka damu, na hakuna aliyelisema.

Na kuna jambo la tatu: anayeonewa hupeleka mzigo wake chini. Muuguzi anadharauliwa na mkubwa. Yeye anamgeukia mama mwenye uchungu wa kuzaa na kumfokea. Jirani zetu wa Tanzania walilichunguza jambo la mama hawa. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoa wa Tanga, wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya waliulizwa kama walitendewa vibaya, kwa matusi, kwa kupigwa au kwa kuachwa peke yao. Walipoulizwa wakiwa wanatoka, karibu 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Wengine walipofuatwa nyumbani baada ya wiki kadhaa, hesabu ilipanda kufika 28 katika 100. Hatusemi kwamba sababu ni moja tu. Lakini nyumba ambayo wafanyakazi wake hawaheshimiani, mgeni atapata heshima kutoka wapi?

Wala tusifikiri kwamba ni ugonjwa wa Waafrika. Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa wauguzi huko Marekani, Judith Meissner, aliandika kuwauliza wauguzi wenzake kama wanawala watoto wao wenyewe, yaani wale wachanga wanaoingia kazini. Neno hilo lilienea katika nchi nyingi kwa sababu wauguzi walijiona ndani yake. Mtume Paulo alikuwa amekwisha kuwaonya Wagalatia kwa mfano wa namna hiyo hiyo, katika sura ya tano: wanaoumana na kulana, mwisho wataangamizana wote.

ADUI WA NJE ANATOSHA

Wazee wanakumbuka Lemera, katika wilaya jirani ya Uvira. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia katika hospitali ile. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na watumishi wa hospitali waliuawa pamoja nao. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkubwa wa hospitali ile, baadaye alianza Panzi huko Bukavu, na mwaka 2018 ulimwengu ukampa tuzo ya Nobel ya Amani.

Damu ile inatufundisha jambo. Aliyekuja na silaha hakuuliza nani A1 na nani A2. Hakuuliza nani ana matrikili na nani hana. Waliovaa nyeupe walikufa pamoja. Basi kama adui wa nje anawahesabu kuwa kitu kimoja, kwa nini ninyi wenyewe mjihesabu kuwa vipande?

NA SISI WATU WA NABII

Makanisa yetu yaliyozaliwa mikononi mwa Waafrika yanajua dharau ni nini. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule Bas-Congo, wakubwa wa wakati ule walimcheka kwanza, halafu wakamwogopa, halafu wakamfunga. Alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Kazi yake kubwa ilikuwa kusali kwa ajili ya wagonjwa, na kwa ajili hiyo alihesabiwa kuwa mtu hatari.

Sisi ambao baba zetu waliitwa wajinga, wapumbavu, watu wa kelele: tutampataje ujasiri wa kumwita mwenzetu hivyo? Aliyewahi kufukuzwa mlangoni anajua baridi ya nje. Ni aibu akifunga mlango kwa mwingine.

Na hapa lazima tuseme neno zito juu ya karama ya unabii. Unabii ni wa kujenga. Hakuna mwenye karama katika kanisa hili aliyeruhusiwa kusimama na kutaja jina la mfanyakazi kwamba ndiye anayezuia primu ya wenzake, au ndiye anayeua wagonjwa usiku. Muuguzi akija kwa nabii na kuuliza, “Nani kazini ananiloga?”, nabii wa kweli amjibu hivi: “Tuombe, kisha uende ukaseme na ndugu yako.” Ono lililogawa kazi, lililomfanya mama wa watu akimbie kartie yake, litapimwa na wazee wa kanisa kabla halijatembea.

Tukumbuke pia Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Penina alimchokoza mwaka kwa mwaka, mpaka akawa analia na hali chakula. Alipokuja nyumbani mwa Mungu kumwaga moyo wake, kuhani Eli alimwona midomo inatikisika, akadhani amelewa. Wapendwa wachungaji na mashemasi wenzetu, tusiwe Eli wa asubuhi. Mtu akija analia kwa ajili ya kazi yake, tusikimbilie kusema ana pepo. Tumkalishe. Tumpe maji. Tumwulize: “Ilianza lini? Nani alikuwapo? Umelala usiku ngapi?” Eli alipoelewa, alimbariki. Nasi tufike hapo mapema.

TUFANYE NINI?

Bwana Yesu alituachia njia katika Mathayo 18, nayo inafaa kazini kama inavyofaa kanisani.

1. Nenda kwake peke yako. Mwambie kwa upole, bila watu: “Kaka, juzi ulipocheka mbele ya wagonjwa, niliumia. Tafadhali usirudie.” Wengine huacha hapo hapo, kwa kuwa hawakujua uzito wa mzaha wao. Lakini kama mtu huyo ametishia kukupiga, au anataka mwili wako ili akupe zamu nzuri, usiende peke yako. Pita moja kwa moja hatua ya pili.

2. Chukua shahidi mmoja au wawili. Na kabla ya hapo, andika. Katika daftari lako andika tarehe, saa, neno lililosemwa na aliyelisikia. Maneno ya kinywa hupotea, yaliyoandikwa hubaki.

3. Peleka kwa wakubwa. Kazini kuna mkuu wa wauguzi, kuna kamati ya uongozi wa hospitali, kuna ofisi ya zoni ya afya. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016, wauguzi wa Kongo wana Baraza lao la taifa, ambalo kazi yake ni kulinda heshima na maadili ya kazi hiyo. Na kwa wanaofanya kazi kwa mkataba, Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu manyanyaso ya mwili na ya moyo kuwa kosa zito la mwajiri. Tena si akifanya yeye tu, bali hata akiyavumilia yanapofanywa na wafanyakazi wengine. Sikieni hapo, wakubwa wa kazi: kutazama na kunyamaza kunahesabiwa. Ulimwengu nao umelisema. Mwezi wa Juni 2019 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva mkataba namba 190 juu ya kukomesha ukatili na manyanyaso kazini, na linasema hata tendo la mara moja linaweza kutosha.

Lakini dawa nzuri ni ile inayotangulia ugonjwa. Kwa hiyo tunawaomba ninyi mlio wakubwa katika vituo vya afya mfanye mambo haya, ambayo hayana gharama:

Bandikeni orodha ya zamu ukutani mwanzoni mwa mwezi, kila mtu aone nani ana usiku ngapi. Giza la orodha ndilo linalozaa uonevu.

Pesa zikigawanywa, zisomwe kwa sauti mbele ya wote, jina kwa jina.

Mgeni akifika, apewe mtu mmoja wa kumshika mkono mwezi wa kwanza, na mtu huyo awe mwenye moyo, si mwenye cheo tu.

Raporo ya kubadilishana zamu isemwe kwa mdomo kando ya kitanda, hata kama mmekosana. Mgonjwa hakukosana na mtu.

Na iwe sheria ya nyumba kwamba anayeuliza hachekwi. Mkubwa mwenyewe aanze. Siku moja aseme mbele ya wadogo: “Kipimo hiki sikumbuki vizuri, tuangalie kitabu pamoja.” Siku hiyo atakuwa amewafungua wengi midomo.

KWA WANAOTAZAMA

Tumewasemesha wanaoonea na wanaoonewa. Bado kundi la tatu, nalo ndilo kubwa: wanaotazama. Mtu anachekwa, wao wanatabasamu ili wasichekwe kesho. Wazee wetu wa Kibembe walipoketi kwenye lubunga kusikiliza neno, kila mtu mzima aliyekuwapo alikuwa shahidi. Aliyesikia na kunyamaza hakuweza kesho kusema hakuwapo.

Hatukutumi upigane. Unaweza kufanya jambo dogo. Mwenzako asipojibiwa salamu, wewe mjibu. Akila peke yake, peleka sahani yako karibu naye. Wakimcheka, sema neno moja tu: “Tuache hayo, tuna wagonjwa.” Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wakiwa wawili, uonevu unapoteza kiti chake. Shifra alikuwa na Pua. Kila anayeonewa anamtafuta Pua wake. Kuwa wewe.

KWA ANAYEONEA

Mwisho tunasema nawe, ndugu unayejijua. Hatukuhukumu. Yawezekana nawe ulipokuwa stajeri walikutesa hivyo, wakakuambia ndivyo kazi inavyofundishwa. Lakini hukuwa muuguzi mzuri kwa sababu ya mateso yale. Ulikuwa muuguzi mzuri ingawa uliteswa. Wangapi walioanza nawe waliacha kazi? Leo wilaya yetu inawalilia. Mama anazaa njiani kati ya kijiji na kituo, na hapo pangekuwa na mzalishaji aliyekimbia kazi kwa ajili ya machozi.

Yule Mwebrania alimwuliza Musa ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi. Sisi hatujakuwekea mwamuzi. Tunakuonyesha tu mtu unayempiga: ni yule yule anayebeba matofali pamoja nawe. Nenda kesho, kabla ya raporo, umwambie: “Dada, nilikukosea.” Maneno ni mawili tu. Yanapita kooni kwa shida, lakini yakipita, wewe ndiye utakayelala.

Tuombe.

Ee Mungu wa Shifra na Pua, wewe uliyewajengea nyumba wazalishaji wawili maskini mbele ya mfalme mkubwa, waangalie watumishi wako wa bluzi nyeupe katika Fizi na Baraka. Wape mshahara wao. Wape usingizi wao. Waondolee wivu, hofu na ulimi wa moto. Anayelia usiku wa leo kwa ajili ya wenzake, umtumie rafiki kabla ya mapambazuko. Anayemtesa mwenzake, umvunje moyo wa jiwe, usimvunje yeye. Na mgonjwa akiingia mlangoni, akute watu wanaopendana, ajue kwamba umefika kabla yake. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.